Gunzi tulilolikuta ndani ya bomba la mbolea, Nyakisasa

Wakuu, heshima kwenu. Walionizidi umri, shikamooni. Haya niliyaona mwenyewe na chumvi sikutia, ingawa natamani baadhi yake yasingekuwa kweli.

Nimesoma swali la mdau ambaye mtambo wake wa kuweka mbolea ya amonia unanyima baadhi ya mistari. Amonia sijawahi kuishika. Ile ni gesi iliyoshindiliwa kwenye tangi, inaunguza macho na mapafu, kwa hiyo asifungue kitu bila fundi aliyeisomea. Lakini kanuni ya mtiririko ni ileile: kila kona, kila kiungio chembamba na kila chujio lililoziba hula presha njiani. Kwa amonia ni vibaya zaidi, kwa sababu presha ikishuka huanza kuwa mvuke ndani ya mpira na kipimo kinavurugika. Aweke mipira mipana, apunguze kona, asafishe chujio.

Kwangu kanuni hiyo ilikuja pamoja na aibu.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi, nyumbani Nyakisasa, Ngara. Nilikuwa bibi shamba mpya, nimetoka chuo. Kikundi cha kigango chetu cha kanisa kilikuwa na bustani ya kabichi bondeni. Juu tuliweka pipa la samadi iliyolowekwa, na bomba moja lilishuka likipita tuta kwa tuta, kila tuta na koki yake.

Tuta la kwanza lilikuwa la mama yangu mzazi.

La pili alipewa Konsolata, mjane aliyevuka kutoka Burundi na wanawe, kwa makubaliano kwamba yeye ndiye atakayejaza pipa. Ya chini yalikuwa ya mwenyekiti, Baba Deo, na wenzake.

Mbolea ikaacha kufika chini.

"Bibi shamba," Baba Deo akanitania, "pipa lako linakojoa kama beberu mzee!"

Watu wakacheka. Yeye akakunja uso. "Tangu huyu mkimbizi apewe tuta, sisi tunakauka. Leo aliache."

"Baba, mimi sijaziba kitu," Konsolata alisema. "Hata zangu zimekuwa njano."

"Zako ni njano kwa sababu hujui kulima!"

Mgao wa kambini ulikuwa umepunguzwa, na kabichi zile ndizo Konsolata alizotegemea kuwalishia watoto. Nikaomba nikague kwanza, kisha waamue.

Nilisafisha chujio lililojaa nyasi za samadi. Nikatoa kona zisizo na kazi, nikanyoosha bomba. Kisha nikatega makopo matupu ya mafuta ya msaada chini ya koki zote na kuzifungua kwa pamoja. Kopo la mama likafurika. La Konsolata likalowa kitako tu, na mengine vivyo hivyo.

Basi kizuizi kilikuwa baada ya koki ya mama. Nikafungua kiungio.

Likatoka gunzi la mahindi, limeviringishwa kitambaa.

"Mnaona?" Baba Deo akapaza sauti. "Liko mpakani kwake!"

"Nijinyime mwenyewe, baba?" Konsolata aliuliza. Wengine walikwishaanza kumwonyesha njia ya kuondoka.

Wakuu, kitambaa kile nilikijua. Kilikuwa kipande cha kitenge nilichomnunulia mama kwa mshahara wangu wa kwanza. Alikivaa ndani tu, akisema ni kizuri mno kwa shamba. Nikamtazama. Alikuwa anatazama miguu yake.

Kwetu, mtoto hamtaji mzazi wake kwa ubaya mbele za watu. Hata akilewa, unasema anaumwa.

Nikasema, "Kitenge hiki ni cha mama. Nilimnunulia mimi."

Baba Deo alijikohoza, akaanza kukagua koki yake kana kwamba ndiyo kwanza ameiona siku ile.

Mama alisema kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, taratibu, kwamba nimemvua nguo mbele ya watu. Hakukana.

Konsolata alibaki na tuta lake. Lakini sikupata raha ya mtu aliyetenda haki. Nilimwonea mama haya, kisha nikajionea haya mimi, na hadi leo sijui ipi ilikuwa kubwa zaidi.

Asubuhi iliyofuata mama alifika bondeni kabla yetu. Alichota samadi kwenye pipa kwa ndoo, akajitwisha, akateremka hadi kwenye kabichi za Konsolata. Konsolata alimpokea kwa mikono miwili: "Tua, mama."

Mimi nilibaki juu, nikikaza kiungio ambacho tayari kilikuwa kimekaza.

Nilichojifunza: mtiririko ukipungua, pima kila tawi kabla ya kumtuhumu mtu, na ujiandae kwamba kizuizi huenda kikatoka nyumbani kwako.

Wenye uzoefu wa mitambo mikubwa mumsaidie mdau wetu. Na ninyi wengine nambieni bila kunionea huruma: mngesema, au mngelitia lile gunzi mfukoni?