Mchi wa Mama Mdogo Mauwa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kule Wamaza, niliogopa mchi. Siyo kila mchi, maana kutwanga sombe, majani ya muhogo, nilishajua. Niliogopa mmoja tu, ule wa mama mdogo Mauwa, mdogo wake marehemu mama yangu.

Mauwa alikaa miaka mingi Salamabila akiponda mawe ya dhahabu katika kinu cha chuma, yeye na wanawake wenzake, uso mweupe kwa unga wa mawe kutoka asubuhi hadi jioni. Alirejea kwetu kwa pikipiki, amemshikilia dereva kama mtoto wa mgongoni, na kikohozi hakikumwacha tena. Kutoka nyumbani hadi chooni alisimama mara tatu, mkono ukutani. Maji hakuweza kuchota. Akitwanga, alipiga mara nne, tano, kisha akakaa chini, midomo imepauka.

Kwetu mwanamke hatwangi peke yake. Jirani akipita anashika mchi, mnapokezana, mnasengenya kidogo, kazi inaisha. Kwa Mauwa majirani waliacha kupita. Walisema dhahabu ina mwenyewe chini ya ardhi, na anayeponda mawe yake hunyang'anywa pumzi. Basi mtu huyo huvuta pumzi za wenzake kupitia mchi. Ukishika pale aliposhika, umekwisha.

Siku moja muuguzi alikuja kumpima kifua. Alipomaliza, akawageukia watu waliojaa uani.

"Ni vumbi ya mawe imekaa mu mapafu. Haiambukize mutu. Mumusaidie kazi."

Jirani yetu mama Feza akaangua kicheko. "Vumbi! Sisi wote tunakula vumbi ya barabara kila siku. Mbona hatukohoe?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikikumbuka kicheko hicho naona aibu hadi leo.

Koko, aliyemzaa Mauwa na mama yangu, na ambaye ndiye aliyenilea, hakucheka. Lakini aliamini kama wao. Alinipeleka nyuma ya jiko.

"Mujukulu wangu, ule muchi usiuguse hata siku moja. Akikuita, ujifanye hausikie."

"Na wewe, koko?"

"Mimi nimeisha kuzeeka. Kama anataka pumzi yangu, aikamate. Ni mutoto wangu."

Basi koko akabeba yote. Alichota maji, akatafuta kuni, akatwanga, akafua nguo za binti yake, akamwogesha. Jumapili alimshika mkono hadi kanisani, na benchi walilokaa lilibaki la wao wawili tu. Mvua zilipoanza alilowa kila siku kwenye mteremko wa kijito, bidoni la maji kichwani. Akaanza kukohoa. Asubuhi moja aliteleza pale, akabebwa hadi nyumbani, na siku ya tatu akafariki.

"Si tulisema?" walinong'onezana msibani. Nami niliamini kabisa. Onyo la koko lilikuwa limetimia mbele ya macho yangu.

Mama Feza alinichukua kwake. Siku za msiba zilipokwisha na watu kutawanyika, Mauwa alibaki peke yake katika nyumba ile. Asubuhi nilimsikia akiniita.

"Sifa, mama, kuja unitwangie kidogo. Kidogo tu."

Nilijibanza ukutani nikajifanya sisikii, kama nilivyofundishwa. Mchi ukagonga mara mbili, ukanyamaza. Baada ya muda mrefu ukagonga mara moja. Kesho yake aliita tena, na keshokutwa pia, sauti ikizidi kupungua. Hakumaliza mwezi.

Sasa naishi Kasongo na nina wanangu. Sijawahi kukohoa zaidi ya mafua. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba koko hakuporwa pumzi na mtu. Tulimtwika bibi mmoja kazi ya mtaa mzima, na alipoanguka tukasema ni mchi. Tulilitimiza onyo lake sisi wenyewe.

Watu wananiambia nilikuwa mtoto. Ni kweli, nilikuwa mtoto. Wanangu wakiniuliza mama mdogo Mauwa alikufa na nini, nawajibu kifua. Sijapata nguvu ya kuwaambia kwamba njaa ilimmaliza kabla ya kifua, mlango wa pili kutoka nilipolala, na mimi namsikia.