Bluu ya Mtu Aliyelala

Ipo siku moja ambayo bado naiona nikifumba macho, mwanangu. Ilikuwa mtaani kwetu Kisugu, miaka ya utawala wa wanajeshi. Nilikuwa mwanafunzi wa sanaa chuo kikuu, kijana wa ndevu chache na maoni mengi.

Dada yangu Akello alikuwa mjamzito. Mimba zake za awali zilitoka, na safari hii daktari alimwamuru asiondoke kitandani mpaka ajifungue. Lakini usingizi ulimkataa. Kila lori la jeshi lilipopita barabarani alishtuka, akashika tumbo. Akaniomba nipake chumba chake rangi ya kumtuliza.

Madukani rangi ilikuwa imeadimika. Nilipata chokaa, na kule soko la Owino nikapata vidonge vichache vya bluu ya kufulia nguo nyeupe. Nikavisaga, nikachanganya kwenye ndoo, ikatoka bluu hafifu kama anga la alfajiri. Ilitosha upande mmoja tu wa chumba. Nikachagua ukuta unaotazamana na mlango, nikamweleza Akello kirefu jinsi bluu iliyopauka inavyousogeza ukuta mbali na kupanua chumba machoni pa anayeingia.

Alinisikiliza mpaka mwisho, maskini.

"Hiyo ukuta ni ya wageni," akasema. "Wageni wanalala hapa?" Akanionyesha mkeka kando ya kitanda. "Msomi, kuja lala."

Nikalala chali. Juu yetu mvua ilikuwa imevuja, ikaacha kwenye dari doa kubwa la kahawia, umbo lake kama buti la askari.

"Umeona? Hiyo ndiyo naangalia kutwa."

Ukuta nikauacha. Nikapanda juu ya meza, nikapaka dari. Chokaa ikiwa mbichi haionekani sana, na nyingi ilinidondokea. Akello akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia muda mrefu.

"Wee! Dari umepaka maji, rangi yote iko kwa nywele yako!"

Kufikia alasiri ilikauka. Bluu ikajitokeza polepole, kama mtu anayekumbuka jambo. Doa halikufutika, lilififia tu, buti likawa wingu. Lori likapita. Nikamtazama dada yangu: mkono ulikuwa tumboni, macho yalikuwa juu, yanafumba. Akalala, na chumba kizima kikawa kama kinaelea.

Sasa umeniuliza ni bluu gani inafaa wodi ya wazazi unayoipamba kwa michoro. Nenda kwanza ukalale kwenye kitanda kimoja cha wodi hiyo, utazame anachotazama mama. Anayepita mlangoni ana kwingine pa kutazama. Mchoree anayebaki.

Mtoto tuliyemsubiri chini ya dari ile ni wewe. Mungu akupe mkono mwepesi, mwanangu, na kila atakayelala chini ya kazi yako apate usingizi aliopata mama yako siku ile.