Kitambaa cha kufuma juu ya mashine

Jamani, leo nimeshindwa na kitambaa.

Ile mashine yetu ya zamani hapa Ngara, ya kuchonga vyuma kwa kompyuta, imesumbua tena. Inachonga kidogo, inachemka, inazima. Na gia ninayochonga ni ya mashine ya kusaga ya kule Nyamigogo. Watu hawana unga, na mwenye mashine hachoki kupiga simu.

Nimepima waya zote. Nimebadilisha feni ya ndani. Hata feni yangu ya nyumbani nimeibeba, nikaiweka ipulize kabati la umeme la mashine.

Kabati likiwa wazi, kazi inakwenda vizuri kabisa. Nikilifunga tu, inazima.

Nikakaa chini, nimechoka, naitazama.

Ndipo nikakiona. Kitambaa cheupe cha kufuma, kizito, alichokiweka mama yake bosi juu ya kabati kuzuia vumbi. Kama tunavyofunika redio. Kimening'inia mpaka kimeziba matundu yote ya hewa.

Na kila nikifungua kabati nakitoa kwa heshima. Nikifunga, nakirudisha. Mimi mwenyewe!

Nikakiweka pembeni. Gia ikaisha bila mashine kuzima.

Bibi mwenyewe, mama yake bosi, akaingia. Nikamwamkia, nikamweleza polepole kwamba mashine ilikuwa inakosa hewa. Akasikiliza kwa huruma, akakichukua kitambaa chake.

"Pole, mwanangu. Basi tukiweke hapa, hii nayo vumbi litaimaliza."

Akaifunika feni yangu.

Ikiwa inazunguka.

Nyie mngemwambiaje? Mimi nimesema asante.