Nyundo ya Mjomba

Dadi, mhunzi wa milima ya upande wa Mkuyuni, alishushwa bondeni na askari wa Mjerumani kwa ajili ya mashine. Mzungu mmoja mwenye shamba la pamba karibu na Morogoro, aliyeitwa Bwana Shamba, alikuwa ameagiza Ulaya mashine ya kusokota nyuzi za pamba, na vyuma vyake vyembamba, vile vinavyozunguka na kuuvuta uzi, vilikatika kama mabua. Vipya vilikuwa baharini, vikija kwa mwendo wa kobe. Akasikia kuna mtu mlimani anayewafulia wanawake vyuma vya kusokotea. Yakawa hayo. Mtu hakuulizwa hata kama ana mahindi shambani.

Mhunzi hatembei bila nyundo, naye Dadi alishuka na yake. Hapo ndipo alipokosea. Dada yake, Mwanaheri, alimwambia mlangoni, "Kaka, hiyo si yako peke yako. Iache." Na kweli haikuwa yake. Uluguruni mtu ni wa ukoo wa mama yake; nyundo ile Dadi aliirithi kwa mjomba wake, na baada yake ingekwenda kwa Kibwana, mtoto wa Mwanaheri. Salum, mwanawe wa kumzaa, alikuwa wa ukoo wa mkewe. Alishuka na baba yake, akavukuta moto na kufua, lakini urithi ule haukumhusu, naye alilijua hilo tangu utotoni.

Dadi alifua vyuma vya mashine mpaka moshi ukamla macho, asione tena. Huku nyuma ikatoka amri kwamba pamba yote ya milimani iletwe kwa Bwana Shamba, na wale wanawake aliowafulia miaka yote wakabaki na mikono mitupu. Hilo lilimchoma kuliko moshi. Kumbe alikuwa akiwanyang'anya dada zake kazi kwa mkono wake mwenyewe!

Alipoomba kurudi kwao, Bwana Shamba akajitia wema. Akawakusanya wafanyakazi uani, akaitwaa nyundo, akamkabidhi Salum. "Kazi ya baba ni ya mtoto," akasema. "Mzee aende. Nyundo ibaki."

Mwanaheri alikuwa amekuja na Kibwana kumchukua kaka yake. "Unarithisha cha watu!" akapaza sauti. Askari akamsukuma.

Dadi akapapasa hadi kwenye fuawe, akaulaza juu yake mkono wake wa kulia.

"Salum."

"Naam, baba."

"Umepewa nyundo ya mjomba wangu. Basi anza na mkono huu. Usage! Nikifika kwetu niseme nimeumia kazini, maana siwezi kusema nimeibiwa na mwanangu."

Salum aliutazama ule mkono, akamtazama Bwana Shamba. Kisha akamwendea Mwanaheri.

"Shangazi, shikamoo," akasema, akamwekea nyundo mikononi. "Mpe Kibwana. Ondokeni upesi."

Bwana Shamba akafoka, na askari wote wakamrukia Salum. Mwanaheri na Kibwana wakatoka langoni, hakuna aliyewajali. Ikaamriwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano vya kila aliyeitwa mkaidi enzi zile. Wakamlaza kifudifudi.

Dadi akapapasa chini mpaka akamgusa mwanawe, akalala ubavuni pake kabla hajashikwa na mtu.

"Na mimi," akasema kwa ghadhabu. "Nyundo ile niliileta mimi."