Nilimtengenezea mchonga vinyago website, kisha nikamficha mwenyewe kwa miezi saba

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Hili nimekaa nalo muda mrefu. Naliandika lilivyotokea bila kujipendelea, maana mwenye kosa ni mimi.

Naishi Kimara. Nimeajiriwa ofisini, website ni kitu nilichojifunza mwenyewe wikiendi.

Jirani yangu alikuwa Mzee Chitanda, Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago. Miaka mingi alikuwa akichonga kando ya barabara kule Mikocheni, chini ya turubai la bluu. Wateja wake wengi hawakuwa na namba yake. Walijua jina na lile turubai, basi.

Eneo likahitajika, mafundi wakaondolewa. Mzee akahamishia magogo yake ya mpingo uani kwake, Kimara.

Wasiwasi wake ulikuwa mmoja tu: wale wateja watampataje?

Nikamwambia, "Mzee, tukuwekee website. Mtu akiandika jina lako kwenye simu, unatokea na namba yako. Na kuorodheshwa kwenye search engine, zile za kutafutia vitu mtandaoni, ni bure."

(Ni bure kweli, wakuu. Anayetaka umlipe ili uingie kwenye search engine anakuuzia kitu ambacho ungekifanya mwenyewe.)

Sasa hapa ndipo nilipoharibu. Wakati naijenga, kwenye settings kulikuwa na kiboksi cha kuzuia search engine zisiionyeshe tovuti. Nikakiwekea tiki, sikutaka watu waione ikiwa nusu nusu.

Ilipokamilika, nikarusha link kwenye group la WhatsApp la mtaa. Watu wakafungua, wakasifia. Mzee akapewa hongera hadi msikitini.

Kila aliyeiona aliingia kwa link. Mimi pia. Hakuna hata mmoja wetu aliyeandika jina la Mzee na kumtafuta kama mgeni.

Miezi ikapita, simu ya Mzee haiiti. Siku moja nikampitia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mbona kimya?"

"Inachukua muda, Mzee. Website ziko nyingi, zinaingizwa taratibu."

Akacheka. "Mpingo nao unachukua muda kukauka. Lakini mie kila asubuhi naugonga, nisikie kama umepasuka ndani. Wewe hicho kitu chako umekigonga?"

Nikacheka na mimi. Sikukigonga.

Mwezi wa saba tangu website ikamilike, akaja mama mmoja wa Arusha, mwenye duka la zawadi. Huyu ndiye mteja wake mkubwa, kila mwaka alichukua mzigo kwake. Alielekezwa na fundi mwingine. Nilikuwepo uani alipoingia.

"Mzee Chitanda, kumbe upo? Nimekutafuta kwenye simu wiki nzima, jina lako halipo popote. Nikajua umeshatangulia. Mzigo wa mwaka huu nimeshawapa wengine."

Mzee akamsogezea kiti. "Nipo, mama. Labda simu yako imechoka."

Hakunitazama.

Nikarudi nyumbani, nikafungua settings. Tiki ilikuwa pale pale.

Nikaitoa. Nikathibitisha kwenye search engine kwamba tovuti ni yetu, nikatuma sitemap, yaani ile orodha ya kurasa zote, ili search engine zijue pa kupita. Kazi yote haikufika hata nusu saa. Siku chache baadaye nikaandika jina la Mzee kwenye simu ya mke wangu, likatokea la kwanza.

Nikamkimbilia kumwonyesha. Nikamkuta anawagawia mafundi wenzake magogo. Ameamua kurudi Newala, kwenye mikorosho.

Akaitazama simu. "Imekauka sasa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Vizuri."

Habari ya kiboksi sikumwambia.

Wakuu, ukimaliza website ya mtu, usijipongeze kwa link. Chukua simu isiyo yako, andika jina la mwenye biashara, mtafute kama mteja asiyekujua. Usipomwona, anza na kile kiboksi kabla ya kumwambia mtu avumilie.

Siku hizi wateja wanampigia huko huko Newala. Anawaambia ameacha kuchonga. Kisha ananitumia meseji, karibu kila mwezi: "Mwanangu, leo kapiga mwingine. Kitu chako kinafanya kazi. Ahsante."

Ya mwisho sijaijibu. Nyie mngemwambia ukweli, au mngemwacha aendelee kushukuru? Nawasoma hapo chini.