Viwanja Alivyotuchagulia Bernard

Kwa miaka ishirini na mbili Bernard Ludlam alikuwa akichoka kila Januari. Nalijua hilo kwa sababu mimi ni mmoja wa watu watatu waliomchosha.

Tulikuwa wanne, wote wa Derby. Bernard alifanya kazi shirika la gesi, akiwapangia njia wale wanaopita nyumba kwa nyumba kusoma mita. Malcolm alikuwa mwoka mikate, Roy alifundisha useremala, na mimi, Keith Sowter, niliuza mazulia mpaka magoti yakagoma. Kila Septemba tulikwenda pwani ya Norfolk kucheza gofu. Siku tatu, viwanja vitatu. Mchaguzi wa viwanja alikuwa Bernard, na hakuchaguliwa na mtu. Mwaka wa kwanza aliuliza tu, "Sasa twende wapi?" nasi wengine tukaanza kukagua bia zetu. Basi mzigo ukawa wake.

Kazi yenyewe haina utamu. Klabu hii haitaki wageni Jumanne kwa kuwa ni siku ya wanawake. Ile haitaki mtu asiye na cheti cha kuonyesha kiwango chake cha uchezaji. Malcolm hachezi penye maji mengi maana anapoteza mipira halafu ananuna. Roy haanzi kabla ya saa nne asubuhi kwa sababu ya tumbo lake. Magoti yangu hayataki mabonde. Bernard alichukua karatasi na penseli, akaandika, akafuta, akawapigia simu makatibu wa klabu ambao walimjibu kana kwamba anaomba kulala kitandani mwao. Kisha alitupigia sisi.

"Keith, siku ya pili ungependa wapi?"

"Popote tu, Bernard. Chagua wewe."

Nilidhani huo ni uungwana. Malcolm alijibu vivyo hivyo, na Roy pia. Sote tulijiona watu wepesi, wasio na makuu, na tulimwachia Bernard akae peke yake na karatasi yake. Septemba ikifika sasa ndipo midomo inafunguka: upepo mwingi, nyasi ndefu, sandwichi kavu. Bernard alisikiliza akitikisa kichwa, kama vile upepo ule yeye ndiye aliyeuagiza.

Hakuwa mjinga wala mnyonge. Mkewe, Beryl, alinieleza kwamba kabla hajampa mtu njia mpya ya mita, Bernard aliitembea mwenyewe Jumamosi, nyumba zote, ajue mbwa yuko wapi na ngazi ziko ngapi. Wakuu wake hawakumtuma. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua hivyo, akasema, "Nikimpa mtu njia mbaya, itanikera mimi siku nzima." Ndivyo alivyokuwa. Shida ya mwenzake ilimfikia yeye kwanza.

Beryl alifariki Desemba, miaka mitatu iliyopita. Wiki tatu baada ya mazishi simu yangu ikalia. "Keith, Thornsey wana nafasi Jumatano ile ya pili. Unaonaje?" Nilimwambia popote tu. Mpaka leo nikikumbuka jibu lile naona aibu.

Thornsey ndio uwanja ambao, tangu mwaka wa tatu, tuliucheza kila mwaka bila kukosa. Uko juu ya jabali la bahari, pembeni kuna mamia ya nyumba za magurudumu za watu wa likizo, na shimo la kumi na nne unalifikia kwa kupanda mlima ambao wenyeji wanauita Ngazi. Mimi nauchukia uwanja ule. Nimeuchukia tangu siku ya kwanza.

Septemba iliyopita, siku ya pili ya safari, tulikuwa tunapanda Ngazi. Malcolm na Roy walikuwa wametangulia, wakiutafuta mpira wa Malcolm kichakani na kulaumiana. Niligeuka nikamwona Bernard ameketi kwenye nyasi katikati ya mlima, kigari chake cha fimbo kimeanguka ubavu. Midomo ilikuwa na rangi ya buluu. Wakati huo alikuwa na miaka sabini na sita.

"Nenda tu, Keith," alisema. "Nitawakuta juu."

"Una nini wewe?"

"Moyo. Kuna mlango mmoja umechoka kufunga." Alivuta pumzi. "Daktari alisema tambarare ruksa, milima hapana. Kupasua hawawezi, mapafu yangu hayatahimili. Amenipa mwaka, au zaidi kidogo nikijitunza."

"Lini alisema hayo?"

"Machi."

"Machi! Na bado ukatuleta hapa?"

Alinitazama kwa mshangao, mshangao wa kweli kabisa. "Si unapapenda, bwana. Nisingeweza kukunyima."

Nikakumbuka. Mwaka wa tatu wa safari zetu mvua ilitunyeshea Thornsey tangu shimo la kwanza mpaka la mwisho. Ndani ya klabu Bernard alisimama akichuruzika maji, karatasi yake ya alama imekuwa uji mkononi, akatuuliza tumepaonaje. Malcolm na Roy wakatazama viatu vyao. Mimi nikamhurumia, nikasema, "Hapa ndipo penyewe, Bernard. Mimi ningekuja hapa kila mwaka." Maneno ya kumfariji mtu aliyelowa, basi. Naye akayachukua akayaweka, na kwa miaka kumi na tisa akanipa Thornsey kama watu wanavyompa mtoto keki ya siku ya kuzaliwa.

Nilikaa chini karibu naye. Nilikuwa na njia mbili. Nikinyamaza, mwaka ujao angepanda tena mlima ule kwa ajili yangu, na pengine asingeshuka. Nikisema, namwambia mgonjwa kwamba zawadi yake ya miaka kumi na tisa sikuitaka hata siku moja. Nilikuwa nimechoka kupanda, na nadhani uchovu ndio uliosema.

"Bernard, mimi sipapendi hapa. Sijawahi kupapenda."

"Hata mimi," alisema.

Hatukucheka. Tulishuka polepole nikiburuta vigari viwili, na jioni mapema, kwenye chai ya klabuni, niliwaambia Malcolm na Roy yote: moyo, daktari, na Thornsey.

"Mimi nilidhani Malcolm ndiye mwenye mapenzi na hapa," alisema Roy.

"Mimi?" Malcolm aliweka kikombe chini. "Mimi nakuja kwa sababu ya keki. Huo mlima umeniua mgongo. Nikajua ni wewe, mwalimu, unayependa kutazama bahari."

"Bahari naiona kwenye kalenda ya jikoni."

Bernard alikuwa akitafuna taratibu, macho kwenye sahani. Watu wazima wanne, nilifikiri, tumepanda mlima mara kumi na tisa kwa heshima.

"Haya, sema wewe," nilimwambia. "Siyo sisi. Wewe ungependa ucheze wapi?"

Alifuta mdomo. "Marramwick," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Mwaka wa kwanza. Wewe ukasema huko wanavaa tai hata chooni. Mkacheka." Alifikiri. "Hata mimi nilicheka. Ilikuwa inachekesha."

Ndipo akanieleza, kwa kunihurumia mimi, kwamba alilifuta jina lile kwa penseli yake na hakuliandika tena, kwa kuwa hakutaka kuniburuta mahali nisipopataka.

Marramwick ni klabu ya kale kwenye nyasi za mchanga kando ya matope ya bahari, tambarare tupu, uwanja mzima hauna mlima hata mmoja. Na wana desturi yao ambayo watu wengi wanaikimbia: mchana wageni hawachezi kila mtu na mpira wake. Mnakuwa wawili kwa mpira mmoja, unapiga wewe, anapiga mwenzako, mpaka shimoni. Sisi tuliiona desturi ya majivuno. Sasa nikaiona kwa jicho lingine: mtu mwenye moyo mbovu angepiga nusu tu ya mipigo.

Nilipiga simu palepale. Katibu wao, Bwana Crome, alikuwa mpole na mgumu kama ukuta.

"Wageni tunawapokea Mei, Bwana Sowter. Jumanne ya tatu, saa nane mchana. Wawe wanne, na vyeti."

"Kesho haiwezekani? Kuna mgonjwa."

"Pole sana. Kesho ni ya wanachama."

Nilimpa Bernard habari. Alihesabu kwa vidole chini ya meza, nikamwona. "Mei si mbali," alisema.

Ilikuwa miezi minane. Nilijitwika mimi safari ile, mara ya kwanza maishani mwangu, na nilikwenda kumwona Bernard kila Jumapili, nikiogopa kila nilipobonyeza kengele. Januari nilimpigia Roy nimuulize tulale wapi na yeye anataka chumba gani. "Popote tu, Keith, chagua wewe," akasema. Nilimtukana. Nilimwita mzee mvivu na mengine ambayo mwalimu wa watoto hakustahili kuitwa. "Una nini leo?" akauliza, amepigwa na butwaa. Nilikata simu nikakaa ngazini, na kwa mara ya kwanza nikajua Januari za Bernard zilikuwaje.

Bernard aliifikia Mei. Alikonda, koti lilimning'inia mabegani, lakini alifika, na tai yake ilikuwa imefungwa vizuri kuliko zetu. Nilicheza upande wake. Alinisubiri mbele, pale mpira wangu ulipotarajiwa kuanguka, ameegemea fimbo, ili asitembee mara mbili. Upepo ulitoka baharini ukatupiga mchana kutwa. Mara moja alipiga mpira mrefu, ulionyooka, kwenye shimo la saba, na Malcolm akasema, "We mzee unatudanganya, huna ugonjwa wowote." Bernard alitabasamu. Shimo la kumi na moja akasimama, akashika mkono wangu. "Basi," alisema. Tukaacha mchezo hapo, wote wanne, tukarudi polepole kwenye klabu bila kumaliza.

Tulikaa dirishani tumevaa makoti na tai, tukanywa supu. Malcolm na Roy walikwenda kuleta gari karibu na mlango. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa, lakini moyo wangu ulikuwa umetulia. Nilijisemea kwamba nimemlipa.

"Haya," nilimwuliza. "Umepaonaje?"

"Pazuri sa..." alianza, kisha akakatiza. Aliutazama uwanja kupitia kioo. "Unataka ukweli, Keith?"

"Ukweli."

"Sikupapenda. Upepo mtupu. Na hawa watu wanakutazama kana kwamba umeiba vijiko."

Nilicheka, na yeye akacheka kidogo mpaka kifua kikamzuia. Nilisema, "Sawa. Basi niambie mahali pamoja. Katika viwanja vyote vile, miaka yote ile, ulipenda wapi?"

Alifikiri sana. Nilidhani anavipitia kimoja kimoja kwenye karatasi yake.

"Nyumbani," alisema. "Siku ya kwanza nilikuwa nafurahi kuwa nanyi. Siku ya pili asubuhi, kila mwaka, nilikuwa nataka kurudi kwa Beryl. Sikuwahi kuwaambia. Mlikuwa mmesafiri mbali."

Nilimpigia mama mwenye nyumba ya wageni tuliyokusudia kulala, nikamwambia vyumba vyetu vya usiku ule awape watu wengine, nikamshika Bernard mkono mpaka kwenye gari. Roy aliendesha. Tulifika Derby jua likiwa bado halijazama, na nilimsindikiza mpaka mlangoni. Bernard alinipa ufunguo, nami nikamfungulia nyumba isiyokuwa na mtu.