Kipa Aliyekataliwa na Pande Mbili

Wapo watu waliogombewa na timu mbili, wakafichwa majumbani wasionekane na wapinzani. Mimi pia niligombewa na timu mbili. Tofauti ni kwamba kila timu ilikuwa inagombea nichukuliwe na ile nyingine.

Wakati huo Nyasa ilikuwa haijawa wilaya, sote tulikuwa Mbinga, milima na ziwa pamoja. Ila kwenye mpira hatukuwa pamoja hata kidogo. Kulikuwa na Juu, yaani watu wa milimani wenye kahawa, na Chini, watu wa ufukweni kuanzia Mbaha kuja Lundo na kuendelea. Kila mwaka kahawa ikishaanikwa wanakutana mara tatu: mchezo wa kwanza unachezwa Juu, wa pili Chini, na wa tatu wanatupa shilingi kujua wachezee wapi. Bingwa anapata kombe la bati na ruhusa ya kumcheka mwenzake mwaka mzima. Hiyo ruhusa ndiyo iliyokuwa inagombewa.

Halafu wakaja wanunuzi binafsi wa kahawa. Zamani ulikuwa unapeleka kwenye chama cha ushirika basi, unasubiri mpaka usahau ulipeleka nini. Sasa yakaja malori, kila moja na mwenyewe, na vijana wa ziwani wakapanda mlima kutafuta kibarua cha kuchuma na kupakia. Mimi nikiwemo. Mnunuzi mmoja alipenda mpira, akawa anampa kazi kijana anayejua kucheza, hata kama hajui kahawa inachumwaje. Miaka miwili tu, nusu ya timu ya Juu ilikuwa watoto wa Chini, wanawafunga wajomba zao. Wazee wa Chini wakasema hatuji tena.

Aliyeleta dawa alikuwa bruda mmoja wa misheni, mtu wa Australia. Alisema kwao kuna majimbo mawili yanakamiana hivyohivyo, mara tatu kila mwaka, ila mpira wao ni kama yai na wachezaji wanakumbatiana na kuangushana. Nilipousikia huo mchezo nilisikitika kuzaliwa mbali nao, maana kukumbatia najua, ni kudaka ndiko kulikonishinda. Basi kwao, alisema bruda, mchezaji anaweza kula na kulala jimbo lolote, lakini siku hiyo anachezea alikotoka. Wazee wakaipenda hiyo sheria. Wakaiweka kwa lugha yetu: kila mtu achezee kilikozikwa kitovu chake.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza.

Mama yangu ni wa Lundo. Baba alikuwa Mmatengo, mtu wa milimani, na alifariki kabla hajajitambulisha ukweni, kwa hiyo ukoo wake haukunijua, nikalelewa na wajomba. Hilo lingetosha kuniweka Chini. Lakini mama hakunizalia Lundo. Alikuwa akichukua usipa mkavu, dagaa wa ziwa letu, kubadilisha na mahindi huko juu, kwa miguu, na uchungu ulimkamata njiani, kwenye kona moja ya ule mlima, porini kabisa. Wanawake aliokuwa nao walinipokea, wakazika kitovu palepale kando ya njia, wakaendelea na safari. Mama alikuwa na haraka siku zote.

Mtaniuliza, ilikuhusu nini wewe, mtu ambaye hata mazoezini ulikuwa unatumwa kufuata mipira? Ilinihusu kwa sababu ya binti mmoja. Baba yake alikuwa na shamba zuri la kahawa, na mimi nilikuwa nachuma humo. Nilipojikaza kumwambia mzee nia yangu, hakunifukuza. Aliniuliza swali moja tu: "Kwenu ni wapi?" Nikaanza kueleza habari ya kona, usipa na mahindi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hawezi kumpeleka mtoto wake kwenye kona. Nikishakuwa na kwetu, nirudi.

Nikawaza, timu ikinipokea, nitakuwa na kwetu mbele ya watu wote. Nikaenda kwa Juu, wakasema damu ya mama ni nzito, nenda Chini. Nikaenda Chini, wakasema mtoto ni wa baba, rudi Juu. Mwenyekiti wa Chini alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa maneno laini, na aliniambia kwa upole kwamba sheria ni sheria, na kwamba kama ningekuwa mshambuliaji labda wangeisoma tena hiyo sheria.

Sikukoma. Niliwasumbua mpaka kamati zote mbili zikakubali kwenda kwenye kona yenyewe, mama akiwa mbele kuonyesha mahali. Mzee mmoja wa Juu alikuja na ndoo ya maji. Akayamwaga pale, maji yakatiririka kuelekea bondeni, akasema mmeona wenyewe, yanakwenda ziwani, mchukueni mtu wenu.

"Maji yote yanakwenda ziwani," mwalimu akajibu. "Hata ya kwenye paa lako. Kwa hiyo na wewe ni wa Chini, mzee mwenzangu? Karibu mazoezini."

Walibishana mpaka jua likawa kali. Mimi nimesimama kati kama mbuzi asiye na mnunuzi. Mwishowe mama, ambaye alikuwa amekaa juu ya jiwe bila kuulizwa lolote, akasema, "Nilikuwa na mahindi kichwani na huyu tumboni. Mtu wa namna hiyo anakwenda wapi kama si nyumbani kwake?"

Kumbe alikuwa anateremka. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza. Chini wakanichukua, kwa nyuso za watu waliobebeshwa mzigo wa jirani.

Michezo miwili ya kwanza nilikaa benchi, nimevaa jezi nzito ya mtumba yenye ukosi na mikono mirefu. Niliiva humo kama kiazi. Juu walishinda kwao, Chini wakashinda kwao. Shilingi ikasema wa tatu uchezwe Juu, Mbinga mjini. Watu wa Juu ni wakarimu, sitawasema vibaya, lakini jioni ya kuamkia mchezo ukarimu wao wote walimmalizia kipa wetu. Pombe ya komoni ilikuja kibuyu kwa kibuyu. Asubuhi alikuwa ameketi kitandani anatuuliza sisi ni akina nani.

Mwalimu akaniita pembeni. "Mwanangu," akasema, "usifanye lolote. Simama tu."

Lau ningemsikia! Nilisimama vizuri kipindi kizima cha kwanza, na cha pili karibu chote, kwa sababu mabeki wetu hawakuruhusu mpira unifikie. Ngoma ilikuwa bila kwa bila. Kisha beki wa Juu, akiwa mbali kule, akabutua mpira ili kuuondoa tu kwao. Ukapaa, ukadunda taratibu kuja kwangu. Beki wetu alikuwa tayari kuutoa. Mimi nikaona mashabiki, nikamwona baba wa binti kati yao, nikapaza sauti: "Wangu!" Beki akaniachia. Nikaruka.

Ulipita chini yangu, ukaingia golini.

Mpaka leo Lundo kuna watu wazima wanaoniita Wangu, na wengine hawajui jina langu jingine.

Chini hawakunipiga. Walifanya baya zaidi, walisema nimeuza mchezo kwa ajili ya mke. Habari ikaenea sokoni kabla sijavua jezi. Rafiki yangu mmoja akaniambia hiyo ni bahati, nenda kwa mzee umwambie uliachia kwa heshima yake, atakupa binti jioni hiihii. Niliona ni shauri la maana. Njiani nikawa nalikariri.

Nilimkuta akigeuza kahawa kichanjani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda.

"Wanasema uliachia," akasema.

Maneno yote niliyokariri yalikuwa tayari mdomoni. Yaliyotoka ni mengine, na sikuyasema kwa uadilifu, ila kwa majivuno. Niliumia kwamba hakuna aliyesifia ule mruko.

"Sikuachia, baba. Niliruka. Niliruka vizuri kabisa, mpira ndio ulikuwa umeshapita."

Akageuza kahawa kidogo.

"Nilikuwa kando ya goli," akasema. "Niliona. Uliruka umefumba macho." Kisha akasema kwamba kama ningemwambia niliachia, nisingekanyaga tena shambani kwake, maana anayeuza kwao leo atamuuza na mtoto wa mtu kesho. "Asiyejua kudaka hana kosa. Lete wazee wako."

Wazee wangu! Watu ambao nikipita walikuwa wanageuza viti. Mama ndiye aliyekwenda kuwakalia barazani mmoja mmoja mpaka wakachoka naye. Wakapanda mlima, mwalimu akiwa mshenga. Tulipoketi akakohoa, akaanza kusema kwamba wamekuja kwa ajili ya kijana wao, ingawa kusema kweli, tangu ule mchezo, hawana hakika sana kama ni wao.

Baba mkwe wangu akacheka kidogo, akasogeza sahani ya posa upande wake.

"Ni wenu huyo," akasema. "Wa kwetu angeudaka."